Mama anaanza kusahau, na mimi pia naogopa kichwa yangu. Munishauri

Furaha_wa_Nguba
Habari zenu bandugu. Mama yangu ako na miaka 69, tuko naye hapa Bukavu. Ni mama aliuzisha vitenge ku soko ya Kadutu maisha yake yote, madeni za batu anabeba mu kichwa bila kaye ya kuandika, anakuambia flani alichukua mbili mbele ya Noeli akalipa nusu, na hakosei. Tukasema apumuzike, sasa anaikala mu salon tu. Tangu hapo anauliza kitu moja tena na tena, juzi alitia chumvi mu sombe, akageuka, akatia tena. Ukimwita hasikie vizuri, anacheka tu. Yaya wangu anasema ni uzee, shangazi anasema kuna mutu anamuchezea na ulozi. Na mimi nakaribia 50, nifanye nini mapema?

Mukubwa_Bagira
Pole dada. Kusahau jina ya mutu halafu inarudi, sawa, ni uzee. Lakini chumvi ya sasa hivi? Hapana. Na mulimutoa soko mukamupa kiti na televizio, ubongo ifanye kazi gani? Mumupatie hata hesabu ya likelemba, ile michango ya zamu kwa zamu, ashike.

Infi_Panzi
Santre ya afya kwanza, mambo ya likelemba nyuma. Bamupime tansio (presha ya damu), sukari, upungufu wa damu, na kama labo inaweza, vitamini B12 na tiroidi (tezi ya shingo), maana hizo zikiharibika mutu anasahau, na zikitibiwa anaweza kupata nafuu. Beba dawa zote anakunywa, hata vile vidonge vya mafua na mwasho vinavyolalisha, vinachanganya bazee sana. Siku ukimuona amechanganyikiwa gafla, usingoje, inaweza kuwa malaria ao infeksio ya mkojo.
Na masikio! Huyo anacheka juu hakusikia, si yote anasahau. Mu 2024 wataalamu wa Lancet, jarida la utabibu, walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, kutosikia vizuri ni moja yake, na tansio, sukari, sigara, pombe, macho mabaya yasiyotibiwa, huzuni, upweke, moshi, hata kuumia kichwa. Wakasema karibu 45% ya wagonjwa wangeweza kukingwa ao kucheleweshwa.

Papa_Kasiksi
Hapo kwa pombe umeniua 😂 hata kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kidogo ya jioni?

Infi_Panzi
Papa, kidogo yako tunaijua.

Kijana_Ndendere
Si amupakulie mama michezo ya ubongo ku telefone, iko mingi ya bure

Infi_Panzi
Atakuwa fundi wa ule mchezo tu, basi. Kule Finland walichukua watu wa miaka 60 mpaka 77, miaka miwili, wakachanganya chakula kizuri, mazoezi ya mwili, mazoezi ya akili na kufuatilia tansio, matokeo yakatoka 2015 na akili zao zilifanya vizuri kuliko wale waliopewa ushauri wa kawaida tu. Vyote pamoja. Furaha, wewe unakaribia 50, pima tansio kila mara hata kama hauumwi, panda hii milima yetu kwa miguu, kula samaki sambaza na mboga ya lengalenga, lala vizuri, na ukipanda moto (pikipiki) omba kaske ya kichwa.

Mama_Ibanda
Mimi naongea na shangazi. Kwetu kuna koko (bibi muzee) alikuwa anatoka usiku anagonga milango ya batu, bakamwita mulozi, watoto bakakatazwa kumukaribia. Alikuwa anatafuta nyumba yake ya zamani tu, masikini. Hiyo neno ikishatoka mu kartie hairudi. Mumuambie anyamaze.

Furaha_wa_Nguba
Asanti sana wote. Shangazi nitamuongelesha leo. Kadutu naona arudi hata asubuhi tu, dada mudogo akae naye pale, vitenge bado viko. Infi, kama ni nta mu masikio naweza kutoa mwenyewe na kotoni?

Infi_Panzi
Usijaribu, kotoni inasukuma ndani. Baangalie kule kule santre, siku moja na tansio.