Walituuzia picha ya Aprili, wakatupeleka Oktoba: malalamiko yangu kuhusu ziara ya Victoria Falls

Wakuu, hasira hii nimekaa nayo wiki tatu, leo naitoa.

Mama yangu kafundisha jiografia miaka 34. Kila mwaka aliwachorea watoto mto Zambezi ubaoni na kuwaambia wenyeji wanayaita maporomoko yale Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Hajawahi kuyaona. Alipostaafu nikajichanga, katikati ya Oktoba tukapanda basi Dar, tukavuka Tunduma, Lusaka, hadi Livingstone. Nikalipia ziara ya siku moja yenye mwongozaji, "pande zote mbili, Zambia na Zimbabwe", dola 170 kila kichwa.

Asubuhi tukaanza Zambia. Maji hakuna! Ukuta wa mwamba mweusi, mkavu, na vijitiririko kwa mbali. Mama akaniuliza, "Mwanangu, ndiyo haya?" Mwongozaji akadakia kwamba Oktoba ndivyo yalivyo. Kumbe wanajua! Kiangazi kikikolea upande ule wa mashariki hukauka, maji yanayobaki huangukia zaidi upande wa Zimbabwe. Sasa nyie kampuni ya ziara, mbona picha mliyonitumia WhatsApp ni ya Aprili, mto umefurika? Na kwa nini mtushikilie kwenye mwamba mkavu hadi saa sita mchana?

Tukafika darajani, lile la mwaka 1905 linalounganisha nchi hizo mbili. Tulisimama karibu saa nzima, kwa sababu wageni wawili walilipa nyongeza waruke na kamba. Jua la Oktoba kule si la mchezo, na mama wa miaka 67 hakupewa hata pa kukaa. Mpakani sisi Watanzania hatuhitaji viza, muhuri ukagongwa mara moja. Tukangojea wenzetu ambao hawakuwa na viza ya pamoja ya nchi hizo mbili, jambo ambalo ofisi ilitakiwa kuwauliza siku wanalipa.

Getini Zimbabwe tumeingia saa tisa na nusu. Kibao kina bei ya watu wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika ambayo Tanzania imo, iko chini ya ile ya wageni wa mbali. Pasipoti zetu mwongozaji alikuwa nazo mkononi, lakini kwenye hesabu yao tumekatwa bei ya wageni wa mbali. Nilipouliza, akasema kifurushi ni kimoja kwa wote.

Halafu ndipo tukayaona. Devil's Cataract, moja ya sehemu za maporomoko, maji yanashuka kwa kishindo unachokisikia kifuani. Mama alishika uzio, machozi yakamtoka, hakusema kitu. Wakuu, ile ndiyo safari yenyewe. Tulipewa dakika 40! Maporomoko yana upana wa mita 1,708, njia yake ni ya kutembea taratibu, na mwongozaji yuko nyuma anapiga makofi kama anaswaga mbuzi. Sehemu ya Main Falls tuliichungulia tu. Horseshoe na Rainbow Falls mama hakuziona kabisa, na miguu yake hairuhusu nimrudishe mwakani.

Nimewaandikia mara nne. Jibu ni moja: "hali ya maji haiko mikononi mwetu." Sijalalamikia mto mimi. Nalalamikia picha, muda na bei ya geti.

Aliyewahi kurudishiwa hela na kampuni ya utalii ya kule, aniambie alianzia ofisi gani. Risiti na ujumbe wote ninao.