Kodi ya soda: kwa nini Philadelphia imedumu, ya Kaunti ya Cook ikafa ndani ya miezi minne?

Mdadisi77
Wakuu, salaam. Kuna jambo linanitatiza kwenye huu mjadala wa kodi ya vinywaji vyenye sukari katika miji ya Marekani. Philadelphia ilianza kutoza senti 1.5 kwa kila aunsi (mililita 30 hivi) tarehe 1 Januari 2017 na kodi bado ipo. Kaunti ya Cook, ambamo mji wa Chicago umo, ilianza Agosti mwaka huohuo kwa senti 1 tu. Oktoba makamishna wakapiga kura 15 kwa 2 kuifuta, na ilipofika 1 Desemba ikawa imezikwa.

Kiwango cha Cook kilikuwa kidogo na eneo lake ni kubwa zaidi, maana yake kuvuka mpaka kwenda kununua kwingine ni kazi zaidi. Ilitakiwa ndiyo idumu. Je, ni siasa na matangazo tu, au iliandikwa vibaya tangu mwanzo?

La pili: kwa nini watoze kwa ujazo badala ya sukari? Kopo la kola lenye gramu 39 na kopo la chai lenye gramu 15 yanalipa sawasawa. Mantiki yake iko wapi?

HesabuZaKodi
Matangazo hayatoshi kueleza. Cook fedha nyingi zilimwagwa pande zote mbili, bilionea Michael Bloomberg, aliyewahi kuwa meya wa New York, akiwa upande wa kuitetea kodi. Philadelphia nako wenye viwanda walipambana hadi Mahakama ya Juu ya jimbo lao la Pennsylvania, wakashindwa Julai 2018. Tazama badala yake bili inaandikwa kwa jina la nani.

Philadelphia anayelipa ni msambazaji. Anajisajili, anajaza fomu, na kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata awe amelipa. Mwenye duka kazi yake ni kuhakikisha anayemletea mzigo amesajiliwa, la sivyo kodi inamrudia yeye. Mteja hakutani na neno "kodi" popote isipokuwa duka liamue kulibandika. Anaona bei ya rafu imepanda, basi.

Cook walimtoza mlaji moja kwa moja, mstari wake peke yake chini ya risiti. Hapo matatizo yakafuatana. Sheria ya serikali kuu inakataza kodi ya mauzo kwenye bidhaa zilizonunuliwa kwa SNAP, ule mpango wa kuwasaidia watu wa kipato cha chini kununua chakula. Kwa hiyo mashine ya kaunta ilibidi itambue si kinywaji gani tu, bali pia kimelipiwa kwa kadi gani. Zidisha hilo kwa maelfu ya maduka, kila moja na programu yake. Wengine wakatoza vinywaji visivyostahili, wengine wakakokotoa kodi ya mauzo juu ya kodi ya soda, na wateja wakaenda mahakamani. Halafu kibaya zaidi kwa mtazamo wangu: rafu haikuonyesha kitu. Mtu anachukua chupa kwa bei ileile ya jana, anafika kaunta anakuta nyongeza. Kodi iliyotakiwa kumfanya afikiri mara mbili kabla ya kuchukua ikamkasirisha baada ya kuchukua.

Hesabu zenyewe, kwa kiwango cha Philadelphia: kopo la aunsi 12 (mililita 355) ni senti 18. Pakiti ya makopo 12 ni dola 2.16. Chupa ya lita 2 ni aunsi 67.6, yaani dola 1.01.

Panapokosewa sana ni mashine za soda za migahawani. Kodi haihesabiwi kwa sirapu iliyomo kwenye boksi, inahesabiwa kwa kinywaji kitakachotoka kwa maelekezo ya kiwanda. Boksi la galoni 5 linalochanganywa sehemu 5 za maji kwa 1 ya sirapu linatoa galoni 30, sawa na aunsi 3,840. Kodi ni dola 57.60. Anayehesabu zile galoni 5 peke yake atapata dola 9.60, na kila boksi linamwachia deni la dola 48 asilolijua.

Mpakani
Naongezea la mpaka, kwa sababu hapo ndipo takwimu zinapochezewa. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la tiba la JAMA mwaka 2019 ulikuta ujazo uliouzwa Philadelphia umeshuka 51%. Karibu robo ya upungufu huo ilionekana tena kwenye miji jirani. Ukiitoa robo hiyo, punguzo halisi linabaki 38%. Wafanyabiashara wananukuu 51 kuonyesha biashara imekufa, watetezi wananukuu 38 kuonyesha watu wamepunguza kweli. Zote zimetoka kwenye karatasi moja. Ila data ni ya maduka ya kampuni kubwa zenye matawi mengi; viduka vya kona havimo, kwa hiyo usiitumie kusema chochote juu yao.

Na bajeti nayo iliumia: jiji lilitarajia takriban dola milioni 92 kwa mwaka, mwaka wa kwanza likapata kama milioni 79. Ndiyo shida ya kodi ya namna hii. Ikifanikiwa kiafya, inapungua mfukoni.

SukariNaSheria
Kuhusu ujazo, mkuu Mdadisi77 uko sahihi kwamba kisayansi haipendezi. Kiutendaji ndiyo nyepesi kuliko zote. Ankara ya msambazaji tayari ina idadi ya kreti na ukubwa wa chupa, mkaguzi anazidisha tu. Ukitaka kutoza kwa gramu, unahitaji lebo ya kila bidhaa, na kiwanda kikibadilisha mapishi katikati ya mwaka orodha yako imechakaa. Miji mingi imeweka kizingiti kimoja halafu ikaendelea na ujazo. Boulder, mji wa jimbo la Colorado, senti 2 kwa aunsi, inaanzia gramu 5 za sukari kwa aunsi 12. San Francisco inaanzia kalori 25 kwa aunsi 12.

Linganisha na Uingereza iliyoanza Aprili 2018 kwa ngazi mbili: peni 18 kwa lita kuanzia gramu 5 kwa mililita 100, peni 24 kuanzia gramu 8. Ile kola yako ina kama gramu 11, inapanda ngazi ya juu. Ile chai ina kama 4.2, hailipi kitu. Tozo ilitangazwa 2016, viwanda vikapewa miaka miwili, na vingi vikashusha sukari chini ya 5 kabla siku haijafika. Sehemu kubwa ya sukari iliyopungua ilipungua kiwandani, mnywaji akiendelea kununua chupa yake kama kawaida.

Mji hauna nguvu hiyo. Hakuna kiwanda kitakachobadilisha mapishi kwa ajili ya mji mdogo kama Berkeley wa California. Kinachobaki mikononi mwa mji ni bei, na kwa bei, ujazo unatosha.

Kuna na mtego wa kisheria ambao wengi hawaujui. California, kodi ya mji ambayo fedha zake zimefungwa kwa kazi maalumu inahitaji theluthi mbili ya kura. Ikiingia mfuko mkuu, nusu na kidogo inatosha. Novemba 2014 San Francisco ilifunga fedha zake kwa afya na michezo, ikapata zaidi ya nusu ya kura, ikashindwa. Siku hiyohiyo Berkeley ilipeleka zake mfuko mkuu na kuunda jopo la wataalamu la kushauri zitumikeje. Ikapita kwa zaidi ya 75%. San Francisco ikarudi 2016 kwa njia ya Berkeley, ikapita. Mwaka 2018 jimbo likazuia kodi mpya za aina hii hadi mwisho wa 2030. Mahakama ya rufaa ikaja kuibatilisha adhabu ambayo sheria hiyo iliwawekea miji itakayokaidi, na Santa Cruz wakapitisha yao Novemba 2024.

MzaniSawa
Mnaongea vizuri, ila hamjagusa hoja kuu ya wapinzani: mwenye kipato kidogo anatoa sehemu kubwa zaidi ya pesa yake. Hilo halina ubishi, kodi yoyote ya matumizi iko hivyo. Swali ni fedha zinarudi wapi. Philadelphia walizielekeza elimu ya awali, shule na ukarabati wa viwanja, maktaba na vituo vya michezo, na Meya Jim Kenney aliiuza kodi kwa ahadi hiyo, hakuhubiri afya. Mtangulizi wake Michael Nutter alijaribu 2010 na 2011 kwa kuhubiri afya, akakwama mara zote mbili. Cook wao waliileta kuziba pengo la bajeti. Mstari mpya kwenye risiti, halafu pengo la bajeti! Nani angeitetea?

Mdadisi77
Nashukuru sana, hasa hiyo ya SNAP. Moja la mwisho: nasikia Philadelphia inatoza hata soda zisizo na sukari kabisa, zile za vikoleza utamu. Je, si ndiyo inayowapeleka watu mpakani?

HesabuZaKodi
Inachangia. Seattle au Berkeley mteja akikwepa kodi anahamia kopo la pembeni lisilo na sukari, duka halipotezi mauzo. Philadelphia kopo la pembeni nalo linatozwa, kwa hiyo atahamia maji au atavuka mpaka. Chanzo chake ni mapatano ya baraza: Kenney alipendekeza senti 3 kwa vyenye sukari tu, madiwani wakakata nusu wakapanua wigo ili fedha zisipungue sana. Maziwa yakizidi nusu ya kinywaji hayatozwi, wala kahawa ambayo mteja anaomba atiwe sukari hapohapo. Lakini hilo halijibu swali lako la kwanza, kwa sababu Cook nao walitoza za vikoleza utamu.