Boneti ya Land Rover Series III: kurekebisha pini, kununua loki mpya au kufunga mikanda ya raba?

Kijana wa Njiro: Wakuu habari za jioni. Nina Series III fupi niliyoachiwa na babu, tairi ya akiba iko juu ya boneti. Jumamosi natoka Monduli, kwenye kipande cha vumbi chenye mawimbi boneti ikaanza kuruka. Kulabu ya usalama ndiyo iliyoishika, la sivyo ingenipigia kioo. Fundi mmoja anasema ninunue loki nzima. Mwingine anataka tutoboe tufunge mikanda. Kutoboa gari la babu roho haitaki.

Mama Tengeru: Pole sana. Mimi nilinunua loki mpya na boneti ikaendelea kugonga. Kumbe ilikuwa imekaa upande, pini inaingia kwa kukwaruza ukingo wa tundu. Tulilegeza bolti za bawaba tukaisogeza, ikatulia. Hela ya loki ilikwenda bure.

Fundi Kijenge: Mama kasema kweli, anza na mkao. Kisha angalia pini inayoning'inia chini ya boneti, ile yenye springi. Legeza nati yake ya kukazia, uzungushe pini kwa bisibisi. Ukiifupisha, boneti inavutwa chini zaidi. Ukiirefusha, inabaki imelegea na kucheza. Nenda nusu mzunguko tu kila mara. Ikizidi kuwa fupi haifiki kwenye loki, na watu wanaanza kubamiza boneti hadi bati linabonyea. Kabla ya kufunga kabisa, sukuma pini kwenye loki kwa mkono uone mtego, yaani kile chuma cha loki kinachoshika pini, unarudi na unaachia. Osha vumbi kwa dizeli, paka grisi kidogo. Loki mpya nunua pale tu mtego umelika au springi imechoka.

Mzee wa Moshi: Kijana, mikanda usiidharau. Land Cruiser FJ40 ilitoka kiwandani na vibanio vya nje pande zote mbili, na vinashika vizuri. Ila boneti yako ni ya aluminiamu. Ukipitisha bolti ya chuma bila washa ya plastiki, mvua za huku kwetu zitaanza kuila pale pale kwenye tundu. Na hiyo tairi ina zaidi ya kilo 20, inadunda na boneti kila shimo. Ihamishie mlango wa nyuma kama mlango una nguvu.

Kijana wa Njiro: Shikamoo mzee, na asanteni wote. Leo tumelegeza bawaba, kweli boneti ilikuwa imeelemea kushoto. Pini nimeifupisha nusu mzunguko mara tatu, nikakaza nati. Tairi nimeiweka nyuma ndani kwanza, mlango nao una ufa. Nimekwenda Usa River na kurudi, kisha nikaingia njia ya vumbi ya Ngaramtoni: haijagonga. Kulabu ya usalama nimeipiga msasa na kuipaka grisi, ilikuwa imeshika kutu.

Fundi Kijenge: Safi. Baada ya wiki moja ipitie tena ile nati, mtikisiko huwa unailegeza.