Tangazo linapita kwenye TV kila jioni, mimi bado nadai nusu ya pesa. Wafanyabiashara wa Dar, sisi watu wa video siyo benki yenu

Wakuu, habari za saa hizi. Nitaandika kirefu na nina hasira, asiyependa uzi mrefu apite kushoto mapema.

Natengeneza matangazo ya televisheni na video fupi za biashara hapa Dar. Najitegemea. Nina TIN (namba ya mlipa kodi), leseni, mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, kompyuta ya kuhariria, na watu ninaowapigia simu kazi ikitokea. Wateja wangu ni hawa mnaowajua: maduka ya samani, shule binafsi, wauza mabati, viwanda vidogo vya maji ya kunywa. Kampuni za simu na za bia zina mawakala wao wa matangazo, huko nafika kwa mlango wa nyuma tu, wakala akizidiwa. Nitawarudia hao mawakala, wasidhani wamepona.

Kinachoniuma ni kimoja. Kwenye mnyororo mzima wa tangazo kila mtu analipwa kabla au siku hiyohiyo. Mwigizaji akimaliza kuigiza anataka chake. Mwenye kamera ya kukodi hakupi begi hujamtumia pesa. Kituo cha televisheni hakirushi sekunde hata moja ya mfanyabiashara mdogo kabla hajalipia muda wa hewani. Kijana wa mabango pale Kariakoo ndiyo kabisa, turubai halitoki dukani kwake kwa ahadi. Anayeambiwa "subiri kidogo kaka, mambo yakae sawa" ni mmoja tu, aliyelitengeneza tangazo lenyewe.

Niwape hesabu, maana watu wakisikia sekunde 30 ni milioni nne wanadhani nimejenga Kigamboni.

Mteja ni duka la samani, sitalitaja. Makubaliano milioni 4, nusu kabla ya kushuti. Wakakata kodi ya zuio asilimia 5 (anayelipa anaikata na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato), ikaingia 1,900,000. Haya, kamera na lenzi zake kwa siku 300,000. Taa na fundi wake 250,000. Mtu wa sauti na vifaa vyake 200,000. Mpiga picha 300,000. Waigizaji, baba, mama na binti, jumla 500,000. Mekapu 100,000. Chakula na maji 150,000. Gari la kubeba watu na makochi yao mazito, 150,000. Nyumba ya kushutia Mbezi, yenye sebule ya kueleweka, 300,000. Muziki wenye leseni, maana sichukui wimbo wa mtu, 100,000. Jumlisheni wenyewe: 2,350,000. Yaani jua linazama siku ya kushuti mimi nimeshawaongezea laki nne na nusu kutoka mfukoni, na bado sijakaa kuhariri hata dakika moja. Huo ni mkopo. Hauna riba, hauna dhamana, na anayekopeshwa ana maghorofa mawili.

Kabla hamjaniuliza "mkataba je?": mkataba upo, umesainiwa, una mhuri wa kampuni yao. Unasema nusu ya pili inalipwa siku ya kukabidhi faili la mwisho, na haki ya kulitumia tangazo inahamia kwao pesa ikikamilika. Mkataba haukuwa na tatizo. Wenzetu walishagundua kwamba faili lisipokuwa "la mwisho" hawadaiwi, kwa hiyo wakahakikisha la mwisho halifiki.

Marekebisho yakaanza. Nembo iwe kubwa. Nikaikuza. Iwe kubwa zaidi. Kochi la kahawia lionekane "la gharama", wakati kwenye picha ni kochi lilelile walilolileta wao. Mke wa bosi hapendi muziki. Nikabadilisha, nikalipia mwingine. Shemeji wa bosi, ambaye nasikia anaishi Mwanza na ametumiwa kwa WhatsApp, anaona baba wa kwenye tangazo hafanani na mtu wa kununua sofa. Jamani! Mtu wa kununua sofa anafananaje? Nikawauliza kwa adabu, nikajibiwa "wewe ndio mtaalamu, angalia angalia."

Sasa kila ninapotuma drafti huwa naiwekea mambo mawili. La kwanza, jina langu linapita chini ya picha, maandishi meupe mepesi. La pili, sauti inakuwa yangu mwenyewe. Mtangazaji wa sauti simrekodi mpaka mteja akubali maneno, kwa sababu yeye analipwa kila akirudi studio. Kwa hiyo najirekodi kwa simu kupata urefu wa sentensi. Ile ya safari hii nilirekodi nimeingiza kichwa kabatini katikati ya nguo, ndiyo njia ya maskini ya kuua mwangwi, na nilikuwa na mafua. Kwenye "karibu ufurahie sebule yako" kuna sehemu navuta kamasi, inasikika wazi kabisa. Ilikuwa drafti, nani angejali.

Wakuu, hiyo ndiyo iliyorushwa.

Nimekaa sehemu nakula, TV iko ukutani, taarifa ya habari imeisha, nasikia sauti naifahamu. Naangalia juu, kochi la kahawia. Picha imejaa vibokisi, maana ni lile faili jepesi nililotuma WhatsApp, limepanuliwa kwenye kioo cha inchi sijui ngapi. Chini, pale lilipokuwa jina langu, kuna mtu wa ofisini kwao amepachika ukanda mwekundu wenye namba za simu za duka. Ukanda ni mfupi, herufi mbili za mwisho za jina langu zimechomoza upande wa kulia. Halafu ikafika "karibu ufurahie sebule yako", na kamasi langu likaenda nchi nzima. Jamaa wa meza ya jirani akacheka, akasema hawa hata mtangazaji wamekosa.

Nikampigia meneja masoko. Hapokei. Nikatuma picha ya TV kwa WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya. Asubuhi ananijibu: "Kaka tulikuwa tunajaribu tu kama linakaa vizuri hewani." Unajaribu kwa muda wa hewani uliolipia? Pesa ya kituo imepatikana, tena kabla, pesa yangu "inasubiri bosi arudi safari". Bosi mwenyewe kwenye status yake yuko Sinza anakula kitimoto.

Tukaenda kwa mhasibu. Huyu naye ana utaratibu wake: hakuna malipo bila risiti ya EFD. Nikasema sawa, lipeni nitoe. Hapana, toa kwanza ndiyo tuingize kwenye mfumo, na iwe ya kiasi chote. Nikatoa ya milioni 4. Hapo mnaofanya biashara mmeshaona nilipo. Risiti ikishatoka kwenye mashine, kwa TRA hayo ni mauzo yangu, milioni nne, wakati mkononi nimepata moja na laki tisa. Na ile asilimia 5 waliyokata kwenye advansi, cheti cha kodi ya zuio hadi leo sijapewa. Pesa imekatwa kwangu, lakini bila kile cheti siwezi kuonyesha kwamba ni kodi niliyokwisha kulipa. Nikiuliza, "mwenye mafaili yuko likizo."

Katikati ya hayo yote, amini usiamini, wakaagiza kazi nyingine. Kuagiza nasema kwa heshima. Ujumbe ulisema: "Kaka tukatie na vipande vitano vya Instagram na TikTok kwenye hilohilo tangazo, vya kusimama. Hiyo si unakata tu." Bure, ieleweke.

Ngoja niwaeleze "kukata tu", labda kuna meneja masoko anasoma. Tangazo la TV ni picha ya kulala, pikseli 1920 kwa 1080. Ukitaka ya kusimama ya 9 kwa 16 kutoka humo bila kupoteza urefu, unabaki na upana wa pikseli kama 608. Chini ya theluthi moja ya picha. Niliwapanga baba mwisho huu wa sofa, mama mwisho ule, binti katikati na sinia la chai, kwa sababu tulikuwa tunauza urefu wa sofa. Ukikata utapata baba na mkono wa kiti. Au binti na sinia. Sofa lenyewe huliuzi. Video ya kusimama inapangwa siku ya kushuti, kamera inasogezwa, waigizaji wanasogezwa, taa zinahamishwa, ni saa nyingine na pesa nyingine. Na ya TikTok inatakiwa imshike mtu sekunde mbili za kwanza, skripti yake ni tofauti kabisa. Ni kazi, basi iagizeni kama kazi.

Halafu kuna lile la droni. Kila mteja siku hizi anataka "turushe kadroni kidogo juu ya duka". Kurusha droni kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuna maeneo ya mji huu ukiirusha utaenda kujieleza mahali usipopataka. Ukimwambia mteja anaona unamwongezea bei. Vibali vingine, mgambo na "nani kawaruhusu kupiga picha hapa", nitafungulia uzi wake siku nikitulia.

Sasa mawakala. Hawa hawana kelele za shemeji wa Mwanza, ni wasafi, wanaongea vizuri, ofisini kuna kiyoyozi na kahawa. LPO, yaani oda yao ya maandishi, inatoka haraka. Chini kwa herufi ndogo imeandikwa malipo siku 90 baada ya kupokea ankara. Na kwenye utekelezaji hizo 90 zinaanza kuhesabiwa pale mteja wao mkubwa atakapowalipa wao, jambo ambalo halijaandikwa popote. Wakati huohuo niliyemkodi taa hajui siku 90 ni kitu gani, anataka pesa leo usiku. Kwa hiyo kijana wa Kijitonyama mwenye laptop moja anagharamia kampeni ya kampuni inayotangaza faida ya mabilioni kwenye magazeti. Nani kaupanga mpango huu na sisi tumeukubali lini?

Najua mtakayosema, nimeshayasikia vijiweni.

"Nenda mahakamani." Wakili niliyemuuliza anataka laki kadhaa kwa barua ya madai tu. Nikishinda napata milioni mbili yangu baada ya kuzunguka, na kwenye magrupu ya watu wa masoko ninakuwa "yule msumbufu". Wanajuana hao. Meneja masoko wa samani leo, mwakani yuko kwenye shule, keshokutwa kwenye mabati. Hiyo ndiyo silaha yao halisi, mkataba haufui dafu hapo.

"Kuna vijana wa chuo wanafanya kwa laki tatu." Wapo, na sina ugomvi nao, nami nilianzia hukohuko. Ila nimeongea na mmoja aliyewafanyia hawahawa video za uzinduzi wa tawi. Laki tatu zenyewe anadai laki moja na nusu. Kwa hiyo bei siyo shida yao. Hata ungewafanyia kwa chipsi mayai wangekulipa chipsi wakabaki na mayai.

"Ongeza bei ufidie." Nikiongeza, anayelipia ni mteja mwaminifu. Wapo, jamani nisiwe mchoyo. Kuna mama mmoja ana kiwanda cha unga, analipa advansi asilimia 70, salio ananitumia akiwa anaangalia faili kwenye laptop yangu, na marekebisho anayaandika kwenye karatasi moja mara moja tu. Kwa nini yeye abebe mzigo wa duka la samani?

Kwa hiyo kuanzia mwezi huu kwangu ni 70 kabla, 30 siku ya kuangalia faili, tunaangalia pamoja mezani kwangu, pesa ikiingia faili linatoka. Marekebisho raundi mbili, ya tatu ina bei. Drafti haiendi WhatsApp tena. Jina langu litapita katikati ya nyuso za watu, siyo chini, na sauti ya kuongozea nitahesabu moja mbili tatu nne mpaka sekunde ya 30, warushe na hiyo tuone. Washkaji wawili wa kazi hizihizi wamekubali tuende hivihivi wote. Tukifika kumi, hata huyo wa laki tatu akiwemo, wateja hawatakuwa na pa kukimbilia. Mlioko Arusha, Mwanza, Dodoma na Mbeya, semeni kwenu wanalipaje.

Na ninaomba msaada wa kweli kwa wahasibu mliomo humu: mteja akigoma kutoa cheti cha kodi ya zuio, naanzia wapi TRA? Na ile risiti ya milioni 4 niliyotoa kabla ya kulipwa, kuna namna ya kuirekebisha au ndiyo imekula kwangu? Mwenye uhakika aje, siyo wa "nadhani".