Ukoo wa Bi Zuhura 🥥 (watu 34)

ALHAMISI

Shangazi Maimuna 19:02
Asalaam alaykum ukoo. Jumapili twaenda Takaungu kuona kisima alichokipata Faraj. Mchango 500 kila mtu mzima, watoto 200, nitumieni kwa simu kabla ya swala ya Ijumaa. Gari la Hamisi na la Mwalimu Athman. Mie napika pilau, nyinyi wengine msije mikono mitupu. Na mjibu, msisome mkanyamaza.

Shangazi Maimuna 19:40
Naona tiki za buluu 21. Jamani

Khadija 19:44
Waalaykum salaam shangazi 🙏

Shangazi Maimuna 19:45
Salamu nimeipokea Khadija, na 500?

Binti Ali 19:51
Kisima gani tena? Si kile cha Babu kilichofukiwa?

Faraj 20:03
Hakikufukiwa Da Binti. Ile kanda ya Babu mwaikumbuka, asema kisima kiko baina ya mbuyu pacha na mkono wa mikoko, ukiupa mgongo msikiti. Basi nikakaa na picha za setilaiti usiku kucha, nikatafuta za kiangazi manake mbuyu hauna majani wakati ule, kivuli chake chatandaa chini kama vidole, huwezi kuuchanganya na mwembe. Nikapata vivuli viwili vimegusana. Juzi nikashuka stendi ya Takaungu nikachukua boda, simu nayo yaniambia niko baharini 😂 manake pa wazi GPS hukosea mita tano hivi lakini chini ya majani yaruka ovyo. Nikaacha simu nikafuata kanda. Wallahi kipo. Mdomo wake wa mawe ya matumbawe, na ukingoni kamba zimechimba mifereji, vidole vyangu vyaingia.

Swaleh (Doha) 20:10
kuna maji au kuna chatu

Faraj 20:11
Kuna maji

Swaleh (Doha) 20:11
na chatu?

Khadija 20:12
😂😂😂

Shangazi Maimuna 20:15
Tuache mzaha. Faraj waambie watu habari ya maji ya bahari.

Faraj 20:21
Eeh njia ya kupita pale kando ya mikoko yafunguka maji yakipwa tu, yakijaa mwarudi kwa dau. Nimeandika kiprogramu kidogo chanipigia hesabu za maji. Jumapili maji makavu ni 7:24

Shangazi Maimuna 20:22
Mmesikia. Saa saba na dakika 24. Tutoke Mombasa saa tano.

Ami Hamisi 20:40
Maimuna 7:24 ni saa moja asubuhi. Hiyo ni saa ya simu sio saa yetu

Shangazi Maimuna 20:41
Basi mbona hakuandika saa moja?

Binti Ali 20:43
saa moja asubuhi tuwe Takaungu tutoke Mombasa saa ngapi, na alfajiri tuswali wapi, na pilau lipikwe lini

Swaleh (Doha) 20:44
pilau lipikwe leo 😭

Shangazi Maimuna 20:46
Faraj toa jibu.

Shangazi Maimuna 21:15
Faraj

IJUMAA

Shangazi Maimuna 06:30
Ijumaa karimu. Waliotuma ni Binti Ali na Mwalimu Athman. Wawili. Kwa watu 34.

Mwalimu Athman 07:12
Nami niulize, Faraj umekiweka kile kisima kwenye ramani ya mtandaoni? Jirani yangu amenionyesha skrinshoti jana.

Faraj 07:30
Nimeweka mwalimu. OpenStreetMap, ile ramani ya wazi kila mtu aweza kuongeza. Nimekiandika Kisima cha Bi Zuhura. Nimeona njia za Takaungu nyingi hazimo na vichochoro havina majina, nikaweka na msikiti na gati.

Ami Hamisi 07:33
Kwa ruhusa ya nani

Faraj 07:35
Ami si siri, ni kisima

Ami Hamisi 07:36
Nauliza kwa ruhusa ya nani

Mwalimu Athman 07:58
Mimi naona kijana kafanya la maana. Pwani hii tuliyapoteza mangapi kwa kutoandika. Sheria ya ardhi ya 1908, watu waliambiwa wapeleke madai yao, asiyepeleka kwa wakati shamba lake likahesabiwa la serikali. Wazee wengi hawakwenda, wengine hawakujua hata kama wameitwa. Leo wajukuu ni maskwota kwenye minazi ya babu zao. Kilichoandikwa kina pa kushikia.

Binti Ali 08:04
Mwalimu nakuunga mkono ila madalali nao wanasoma ramani. Wakiona pana kisima cha maji matamu hatua chache toka ufukweni mwajua wenyewe

Ami Hamisi 08:06
Madalali hawahitaji ramani

Binti Ali 08:07
Eeh ami, hilo wewe walijua 😶

Khadija 08:07
🙈

Swaleh (Doha) 08:30
jamani asubuhi asubuhi

Ami Hamisi 08:41
Sema Binti. Miaka yote mwanisema pembeni, semeni humu. Niliuza minazi. SIKUUZA ARDHI. Pwani mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, muulizeni mzee yeyote. Minazi ile ilikuwa yangu kwa mkono wa Babu mwenyewe na mashahidi walikuwapo. Aliyenunua minazi akaja kuzungusha ua wa waya ni makosa yangu? Na pesa ile ilikwenda wapi? Karo ya nani ililipwa mihula minne? Nisiseme, yuko humu na ndo anakusanya 500 500

Shangazi Maimuna 08:55
(ujumbe umefutwa)

Shangazi Maimuna 08:57
Hamisi mambo haya tutazungumza ana kwa ana. Jumapili gari unatoa ama hutoi?

Khadija 09:10
Shangazi naweza kuja na viazi karai?

JUMAMOSI

Shangazi Maimuna 07:00
Waliotuma ni watano. Hamisi hajajibu habari ya gari. Khadija viazi sawa. Mwanajuma uko na Nyanya huko Takaungu, mwulize anataka tulete nini.

Mwanajuma 10:26
Asalaam alaykum. Nimemsomea Nyanya ujumbe wote tangu Alhamisi, na ule wa Ami pia, alinishika mkono akaniambia usiruke. Asema niandike hivi hivi anavosema nisipambe:

"Maimuna usilete kitu. Mimi sina njaa.
Kisima hakikupotea. Nakijua kilipo, nimekwenda kila mwaka mpaka magoti yakanikataa, na sikumwonyesha mtu tangu siku minazi ilipouzwa. Babu yenu alipoisema ile kanda nilimwambia asitaje mbuyu akataja.
Pembeni ya kisima kuna kaburi dogo. Hamisi analijua. Alikuwa na miaka sita.
Faraj, lile jina langu litoe."

Mwanajuma 10:27
Amenyamaza sasa. Anywa chai.

Mwanajuma 10:31
Naona mwasoma

Ami Hamisi 11:20
Mwambie shikamoo. Mwambie nimesoma.

Faraj 11:48
Shikamoo Nyanya. Naomba radhi, sikujua habari ya kaburi, wallahi sikuona kitu pale ni nyasi tu na mawe mawili nikadhani yamedondoka kwenye ukingo. Nimelitoa jina na pini ya kisima nimeifuta. Lakini nisiwafiche, ramani ile huweka historia, mtu akichimba ataona palikuwa na kitu na kimetolewa siku gani na mimi ndo nimekitoa. Na picha nilizomtumia Mwalimu nilizituma kama faili sio kama picha, manake zikitumwa kama picha WhatsApp huondoa alama ya mahali, zikitumwa kama faili alama yabaki ndani. Mwalimu tafadhali usizisambaze

Mwalimu Athman 12:02
Nilimtumia mtu mmoja tu.

Binti Ali 12:02
Mwalimu 😩

Faraj 12:03
Nani?

Mwalimu Athman 12:09
Yule jirani. Nitaongea naye baada ya swala.

Mwanajuma 12:30
Nyanya auliza, hiyo saa moja ya kesho nani kasema?

Shangazi Maimuna 12:31
Mashine ya Faraj.

Mwanajuma 12:34
Acheka. Asema kesho mwezi kumi na tano, bamvua, na bamvua la kwetu maji hupwa saa nne, saa nne na nusu. Asema mkija saa moja mtakuta maji yako kifuani yanatoka, mkija saa saba mtakuta yanarudi. Asema hata mtoto wa mvuvi ajua mwezi mosi na mwezi kumi na tano saa zake, mengine ni kuhesabu tu, kila siku yachelewa kidogo.

Faraj 12:50
Ngoja

Faraj 13:06
Dah. Nyanya yuko sawa kabisa. Zile jedwali za maji nilizochukua ziko kwa saa za Greenwich nami sikuongeza masaa matatu yetu. 7:24 ni 10:24. Saa nne na dakika 24

Swaleh (Doha) 13:08
Nyanya 1 setilaiti 0

Khadija 13:08
😂😂😂😂

Shangazi Maimuna 13:15
Basi ni saa nne. Tutoke Mombasa saa mbili kamili na sio saa mbili ya harusi. Mwanajuma, Nyanya amekubali twende ama hakukubali? Sijaelewa.

Mwanajuma 14:40
Nimemuuliza. Asema watoto wa mwanangu hawaombi ruhusa kuja kwangu.

Shangazi Maimuna 14:41
Kwake, sawa. Kisimani je?

Mwanajuma 15:22
Amelala

Shangazi Maimuna 20:05
Waliotuma ni saba. Gari ni moja la Mwalimu, watu sita tukibanana. Wengine matatu za Kilifi mshuke stendi ya Takaungu. Simu nadhani tuziache kwa Nyanya tukienda huko chini, Faraj pia. Hamisi?

Ami Hamisi 22:47
(ujumbe umefutwa)

Shangazi Maimuna 22:48
Umefuta nini?

Khadija 23:10
Shangazi samahani ile 500 nilituma jana lakini nimeona sasa hivi ni kwa namba yako ya zamani