Ni nani huzipima maabara zinazopima mionzi katika chakula?

Mwanafunzi wa Kemia: Ndugu wanajukwaa, baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima ya 2011, Japani ilishusha kikomo cha cesiamu, elementi yenye mionzi, katika vyakula vya kawaida, kuanzia Aprili 2012, hadi bekereli (kizio cha kupimia mionzi) 100 kwa kilo. Tunajuaje kwamba maabara iliyoandika 90 haikupaswa kuandika 110?

Mpimaji: Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, kupitia maabara zake za Seibersdorf nchini Austria, huandaa sampuli ambazo kiasi cha mionzi yake hufichwa, kisha huzisambaza kwa maabara za nchi mbalimbali, kila moja hupima na kurudisha jibu pamoja na kiwango cha shaka ya kipimo (yaani jibu linaweza kupotoka kwa kiasi gani), ndipo jibu hilo hulinganishwa na thamani iliyofichwa. Kwangu mimi, jibu lisiloandamana na kiwango cha shaka ni kubahatisha tu, hata likiangukia palepale.

Mwanafunzi wa Kemia: Ahsante. Makosa hutokea wapi hasa?

Mkaguzi Mstaafu: Mwanangu, angalia cesiamu-134, moja ya aina za cesiamu yenye mionzi. Kiini chake hutoa miale ya gama zaidi ya mmoja karibu kwa wakati mmoja, na sampuli ikigusana na kigunduzi, kifaa huihesabu kana kwamba ni mwale mmoja wenye nishati kubwa zaidi. Hivyo, pasipo masahihisho, jibu hushuka chini ya ukweli. Cesiamu-137, aina nyingine, haina usumbufu huo.

Mpimaji: Ongeza na msongamano wa sampuli: kifaa kilichosanifishwa (kilichorekebishwa usomaji wake) kwa maji hakifai moja kwa moja kwa majani makavu ya chai.