Mlioko kwenye teknolojia ya upasuaji Marekani, tupeane uzoefu wa mafunzo na mshahara

Wadau, salaam. Mdogo wangu yuko Dallas, kazi za ghala zimemchosha. Anataka kusomea kuandaa vifaa na kumkabidhi daktari thieta. Mliopita huko, mlisomaje na mnalipwaje?

Mdau, Houston: Kabla ya ada aulize kama chuo kina ithibati ya CAAHEP au ABHES, vyombo vinavyoidhinisha mafunzo ya fani hii. Mimi sikuuliza. Nilisoma miezi 11 kwa mkopo chuo cha binafsi, kujisajili mtihani wa CST, cheti cha fani hii, naambiwa chuo changu hakimo kwenye orodha ya vyenye ithibati. Nilianza upya chuo cha jamii, na deni la kwanza bado nalilipa.

Mdau, Minneapolis: Pole sana ndugu. Mimi chuo kilikuwa sawa, kazi ilikuwa kutimiza pasuaji 120 za mafunzo: 30 upasuaji wa jumla, 90 mifupa, macho, uzazi na kwingineko. Hazilipwi hata senti. Usiku nilikuwa nahudumia wazee, alfajiri niko thieta nimeshanawa. Mdogo wako ajiwekee akiba ya miezi hiyo.

Mdau, Columbus: Mshahara sasa. Takwimu za serikali za Mei 2023 ziliweka wa katikati dola 60,610 kwa mwaka, kama dola 29 kwa saa. Hapo kuna wenye miaka mingi kazini; mimi nilianza na dola 22 kwa saa. Zamu za kuitwa usiku ndizo zinazonyanyua, ila usingizi unaisha.

Mdau, Boston: Nilikuwa nesi wa thieta Kenya, huku nikaanza darasani kama mgeni. Wiki ya pili kazini, hesabu ya gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, ikapungua moja na daktari anajiandaa kufunga tumbo. Moyo ulinienda mbio, nikasema hesabu haijatimia. Kila mtu akasimama. Ilikutwa ndani, nyuma ya utumbo. Mgonjwa yule nikimkumbuka, sijutii hata siku moja niliyorudi darasani.

Mwanzisha mada: Asanteni mno. Nimempigia sasa hivi, tumefungua orodha ya CAAHEP pamoja na ile ya ABHES. Chuo alichokuwa akilipie Ijumaa hakimo kote kuwili. Hela hajaitoa. Mwenye kukijua chuo cha jamii chenye ithibati karibu na Dallas, na foleni yake ikoje, naomba aandike hapa.